Kutoka LILO hadi UEFI: jinsi Linux ilivyotunyima usingizi Taita Taveta

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi zimebana, lakini leo nina kisa, na kisa chenyewe kina historia ndani yake. Kwa hiyo vuta kiti.

Wiki chache zilizopita nilikuwa nyumbani Voi. Jirani yetu wa Mwakingali akaja na laptopu kwapani, moja ya zile tunazoziita ex-UK. Tangu Microsoft ifunge msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 amekuwa na wasiwasi, maana mashine yake haikidhi masharti ya Windows 11. Kijana wake akaamua kuiwekea Linux kando ya Windows. Usakinishaji ukaisha salama, lakini kila wakiiwasha inaingia Windows moja kwa moja, kama vile hakuna kilichofanyika. Walipojaribu tena kwa flashi, skrini ikawa nyeusi tititi.

"Sasa hii imekufa ama?" akaniuliza.

Nilicheka kidogo, si kwa dharau. Swali hilo hilo niliulizwa mwaka 2006 katika shule moja ya sekondari huko juu, njia ya Wundanyi, na siku hiyo sikuwa na jibu wala kicheko. Nitawasimulia. Lakini kwanza tuelewe kinachotokea kati ya kubonyeza kitufe cha kuwasha na kuona picha. Matatizo mawili makubwa ya kusakinisha Linux, kukataa kuwaka na kukataa kuonyesha, yote yanakaa hapo katikati.

NJIA PANDA YA VOI

Mtu wa Voi hahitaji maelezo mengi kuhusu butiloda. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na ilipita hapa kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, Waingereza walihitaji njia ya kupeleka askari na chakula mpakani kupigana na Wajerumani wa Tanganyika. Mwaka 1915 wakaanza kutandika tawi kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea Taveta, na mwaka 1916 likaunganishwa na reli ya Wajerumani pale Kahe, karibu na Moshi. Voi ikawa njia panda. Treni inatoka Mombasa. Reli ikigeuzwa huku, inaenda Nairobi. Ikigeuzwa kule, inaenda Taveta. Kazi ya mgeuza reli ni ya dakika moja tu, lakini akikosea, treni nzima inafika pasipo pake.

Butiloda ndiye mgeuza reli wa kompyuta. Ukiwasha mashine ya zamani, programu iliyo kwenye chipu, yaani BIOS, inasoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, inaiweka kwenye kumbukumbu, kisha inaikabidhi usukani. Utaratibu huo ulikuja na IBM PC mwaka 1981. Diski kuu ilipoingia na IBM XT mwaka 1983, sekta hiyo ya baiti 512 ikagawanywa: baiti 446 za programu, baiti 64 za jedwali la patisheni nne, na baiti 2 za mwisho kama mhuri wa kuthibitisha. Sekta hii ndiyo wanayoiita MBR.

Hebu fikiria, baiti 446! Aya uliyomaliza kusoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Na kiti hicho kimoja kila mfumo ulikitaka. Ukisakinisha Windows XP baada ya Linux, ilikikalia bila hata kubisha hodi.

LILO NA HERUFI ZAKE NNE

Linux ilizaliwa mwaka 1991 mikononi mwa Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. (Chuo hicho hicho ndicho chenye kituo cha utafiti pale Wundanyi. Dunia ni ndogo.) Mwanzoni watu waliiwasha kwa diski laini. Kisha Werner Almesberger akaandika LILO, na kwa miaka mingi ya 1990 huyo ndiye alikuwa mgeuza reli wetu.

LILO hakuelewa kabisa mambo ya faili. Alichokuwa nacho ni orodha ya mahali: keneli ipo sekta hii, na hii, na hii. Ukibadilisha keneli ukasahau kuiendesha amri ya lilo upya, orodha inakuwa ya zamani. Ni sawa na kumwelekeza mgeni, "Shuka pale penye mbuyu," kumbe mbuyu ulishakatwa.

Lakini alikuwa na adabu moja nzuri: alijitaja jina lake herufi kwa herufi, na kila herufi ilikuwa ripoti. Ukiona L peke yake, sehemu ya kwanza imepakiwa lakini ya pili haikuweza kuletwa. Ukiona LI, ya pili imeletwa lakini haikuweza kuendeshwa. LIL maana yake hawezi kusoma jedwali lake la maelezo. Zikitokea zote nne, shusha pumzi, mambo ni sawa.

Halafu kulikuwa na ukuta wa silinda 1024. BIOS za zamani hazikuweza kuhesabu silinda kupita hapo, na kwa hesabu za kawaida hiyo ni kama GB 8.4. Keneli ikikaa mbele ya mpaka huo, LILO haifikii. Ndiyo sababu miongozo ya zamani ilisisitiza utengeneze patisheni ndogo ya /boot mwanzoni mwa diski. Mpaka huo ulivunjwa mwaka 2000 LILO ilipopata chaguo la lba32, ila ushauri wenyewe uliendelea kunakiliwa miaka mingi baadaye na watu wasiojua ulitoka wapi. Mimi nikiwemo.

GRUB ANAKUJA

Mwaka 1995 Erich Boleyn alianza kuandika GRUB, si kwa ajili ya Linux bali kwa ajili ya GNU Hurd. Mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji wakaifanya kuwa mradi rasmi wa GNU. Tofauti yake na LILO ni kwamba GRUB anasoma mifumo ya faili mwenyewe. Humpi orodha ya sekta. Unamwambia jina la faili naye anaenda kulitafuta. Mambo yakiharibika anakupa mstari wa amri unaweza kuongea naye.

Ujuzi wote huo hauenei kwenye baiti 446, kwa hiyo GRUB wa zamani aligawanywa vipande. Kipande cha kwanza kinakaa MBR. Cha kati kinakaa kwenye sekta tupu zinazofuata. Kikubwa, chenye menyu, kinakaa ndani ya patisheni ya Linux pamoja na faili nyingine. Kumbuka hili la mwisho, maana ndilo lililonitoa jasho.

NA SKRINI JE?

Upande wa picha historia yake ni nyingine kabisa. Keneli ya Linux kwa miaka mingi haikujishughulisha sana na picha. Hiyo ilikuwa kazi ya programu ya X, iliyotujia kama XFree86 kuanzia mwaka 1992. Na X ilikuwa haijui una monita gani. Ilibidi uiambie, kwenye faili, kwa namba.

Monita za chogo, zile nzito za kubebwa na watu wawili, huchora picha mstari kwa mstari. Namba moja inasema ni mistari elfu ngapi kwa sekunde, nyingine inasema ni picha nzima ngapi kwa sekunde. Kuchora 1024 kwa 768 mara 60 kwa sekunde kunahitaji mistari kama 48,000 kwa sekunde. Kwa mara 85 inafika karibu 69,000. Ukiiamrisha monita ifanye isiyoweza, nyingi zinaandika "Out of range" na kujifunga. Zile za zamani zaidi zingeweza hata kuharibika, na miongozo ya wakati ule ilionya hivyo waziwazi.

Mwaka 1994 shirika la VESA lilitoa utaratibu wa monita kujitambulisha yenyewe kupitia waya. Lakini monita kuukuu, au waya wenye pini iliyovunjika, haisemi kitu. Hapo X inabaki kukisia.

Mwaka 2004 ukazuka ugomvi wa leseni, watengenezaji wengi wakahama XFree86 na kwenda X.Org. Faili likabadilika jina kuwa xorg.conf. Namba zikabaki zile zile.

AGOSTI 2006

Sasa kisa. Nilikuwa mwanafunzi wa kompyuta, nimerudi nyumbani likizo, nina CD za Ubuntu 6.06 iliyotoka Juni mwaka huo. Canonical walikuwa wanazituma bure kwa posta duniani kote, huduma iliyoitwa ShipIt, na iliendelea hadi mwaka 2011. Kwetu sisi hiyo ilikuwa neema. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, kupakua CD nzima kwenye saiba ya Voi ilikuwa ndoto. Sanduku la posta lilitushinda sote kwa kasi.

Nilikuwa pia nimesikia habari za Kilinux, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Nilijaa moto. Nilitaka kila shule ya Taita Taveta iachane na Windows za kunakili na virusi vya flashi.

Mwalimu mmoja aliyenifundisha zamani akanipa nafasi. Shule ilikuwa na kompyuta chache za mitumba, na ya ofisini ndiyo iliyokuwa bora. Nikapanda matatu hadi Mwatate, nikaunganisha kupanda milima. Mwalimu akaniambia, "Kijana, fanya kazi yako, lakini humu ndani mna alama za mock za Kidato cha Nne. Tunafunga hesabu Ijumaa." Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia, "Usijali Mwalimu, Windows haitaguswa." Nakala ya faili hizo sikuchukua. Yaani nilikuwa na flashi mfukoni, na sikuchukua!

CD ilipogoma kuonyesha picha nilichagua hali ya picha salama kwenye menyu, nikasakinisha vizuri. Nikawasha upya. GRUB akaja na menyu yake. Nikachagua Ubuntu, ikapiga kazi, halafu... "Out of range". Kwenye CD nilitumia draiva ya kawaida ya VESA, lakini mfumo uliosakinishwa ulichagua draiva yake na kasi ambayo ile monita kuukuu haikuiweza.

Hapa ndipo ujinga wangu ulipoanza. Linux ilikuwa imewaka vizuri nyuma ya skrini ile nyeusi. Ningebonyeza Ctrl+Alt+F1 ningepata mstari wa amri na kurekebisha faili moja tu. Badala yake nikafikiri nimesakinisha vibaya, nikaanza upya kutoka mwanzo. Nikafuta patisheni ya Linux, nikaiambia itengeneze nyingine, ikaanza kufomati. Stima ikapotea.

Iliporudi baada ya kama saa moja nikawasha mashine. Maneno machache, kisha: Error 17. Hakuna menyu. Hakuna Linux. Hakuna Windows.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. "Imekufa?" Nikanyamaza. Alinitazama kidogo, akasema, "Watoto wale wamefanya mtihani wiki mbili," akaondoka kwenda darasani. Ningependelea anigombeze.

Error 17, kwa GRUB wa zamani, maana yake ni "nimeiona patisheni lakini siwezi kuifungua". Soma tena hayo, maana jibu lote limo. Kipande cha kwanza na cha kati vilikuwa hai. Vilikuwa vinatafuta kile kipande kikubwa ndani ya patisheni ya Linux ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeibomoa, na stima ikakatika kabla haijajengwa upya. Mgeuza reli alikuwepo kazini, ila kibanda chenye funguo zake kilikuwa kimevunjwa. Treni ya Windows ilikuwa imesimama salama kwenye reli yake. Hakuna aliyeigusa. Hakuna tu aliyebaki wa kuielekeza.

Hayo sikuyajua usiku ule. Nililala kwa Mwalimu, baridi ya milimani, nikisoma karatasi nilizokuwa nimechapisha saiba, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Asubuhi ya Alhamisi nikawasha kwa CD, hali ya picha salama, nikafungua dirisha la amri:

sudo mount -t ntfs -o ro /dev/hda1 /mnt

Hizo herufi ro ni za kusoma tu, bila kuandika. Wakati ule Linux ilisoma diski za Windows vizuri, lakini kuziandikia ilikuwa hatari. NTFS-3G, iliyoleta uandishi wa kuaminika, ilifika toleo la 1.0 Februari 2007. Faili zikajipanga kwenye skrini. Folda ya mock ilikuwepo, nzima. Nikainakili kwenye flashi mara mbili, nikaenda kumwita Mwalimu kutoka darasani. Alizifungua moja moja kwenye OpenOffice, akakagua majina, kisha akasema tu, "Haya. Chai iko tayari."

Baada ya hapo mengine yalikuwa rahisi. Nikasakinisha upya mpaka mwisho, GRUB akarudi na menyu yenye Windows na Ubuntu. Skrini ilipojifunga tena, sikukimbia. Nikageuza monita, nikasoma kibandiko cha nyuma: mistari elfu 30 hadi 54, picha 50 hadi 120. Kwenye xorg.conf X ilikuwa imekisia hadi 70. Nikaandika:

HorizSync 30-54
VertRefresh 50-120

Picha ikatokea. Mistari miwili! Siku nzima ya jasho, na alama za watoto wa watu, kwa sababu ya mistari miwili.

YALIYOBADILIKA, NA YASIYOBADILIKA

Miaka iliyofuata mengi yalirahisishwa. Mwaka 2009 keneli 2.6.29 ilianza kupanga picha yenyewe kwa kadi za Intel, badala ya kuiachia X. Ubuntu 9.10, Oktoba mwaka huo huo, ikaleta GRUB 2 kwa usakinishaji mpya. (Tahadhari kwa wenye miongozo ya zamani: GRUB wa kwanza alihesabu patisheni kuanzia 0, GRUB 2 anahesabu kuanzia 1. Ukinakili amri bila kuangalia, unaelekeza treni jirani.) LILO alistaafu, maendeleo yake yalisitishwa mwishoni mwa 2015.

BIOS nayo ikapata mrithi, UEFI. Ilianzia Intel miaka ya mwisho ya 1990, lakini wengi wetu tulikutana nayo Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Hapa ugomvi wa kiti kimoja cha baiti 446 uliisha. Kuna patisheni maalum ambamo kila mfumo unaweka butiloda yake kama faili la kawaida, na mashine inatunza orodha ya nani aanze.

Ila zote mbili zipo sambamba kwenye mashine nyingi, kama vile Voi tulivyo na reli ya zamani ya upana wa milimita 1000 na ile ya SGR ya milimita 1435 iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Treni ya huku haipiti kule. Windows ikiwa imesakinishwa kwa UEFI nawe ukawasha flashi kwa hali ya zamani, mifumo yako miwili haitaonana. Kabla ya kusakinisha angalia kama kuna folda /sys/firmware/efi. Ikiwepo, uko kwenye reli mpya.

Na ugomvi haujaisha kabisa. Agosti 2024 sasisho moja la usalama la Windows liliwafungia Linux watu wengi duniani waliokuwa na mifumo miwili, kwa sababu lilikataa butiloda za zamani chini ya Secure Boot. Miaka zaidi ya 20 baada ya XP, hodi bado haibishwi.

LAPTOPU YA JIRANI

Turudi Mwakingali. Cha kwanza, kabla ya kugusa lolote, nilinakili picha za familia na hesabu za duka lake kwenye diski ya nje. Jirani akashangaa, "Si umesema haijafa?" Nikamwambia haijafa, lakini mimi naijua stima ya Voi.

Kisha flashi. Kijana alisakinisha kwa hali ya picha salama, na safari ya pili akachagua mstari wa juu wa kawaida. Ndiyo maana skrini ilizima. Kwenye menyu nikabonyeza e, nikaongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, nikabonyeza F10. Picha ikaja. Amri ya efibootmgr ikanionyesha kwamba ubuntu imo kwenye orodha, salama salimini, ila Windows iko mbele yake. Nikabadilisha mpangilio. Nikawasha upya, menyu hiyo. Baadaye nikaweka draiva halisi ya kadi, na lile neno la muda halikuhitajika tena.

Kazi yote dakika 40, na nyingi zilikuwa za kunakili picha.

Kijana wake akaniuliza nilijuaje kwamba haijaharibika. Nikamwambia ukweli: mashine ikikwama mwanzoni, karibu kila mara inakueleza imekwama wapi. LILO alisema kwa herufi, GRUB wa zamani kwa namba, skrini nyeusi inasema kwa kunyamaza. Makosa yangu ya 2006 hayakuwa ya kutojua amri. Yalikuwa ya kufuta kabla ya kusoma.

Mwalimu amestaafu sasa. Nilipopanda kumsalimia nilimpa kisa cha jirani, akacheka, kisha akaniuliza, "Na nakala ulichukua kwanza?"

Nikamjibu, "Nilichukua, Mwalimu."

Haya, tukutane tena siku nyingine. Nakili faili zako kwanza.